Mbwa wa Kazini Anakaa Nyuma Yangu, Wenzangu Wananicheka

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie ila tafadhali usinicheke, maana kuchekwa nimechekwa vya kutosha. Mimi ni mtu mzima, nina mke na watoto wakubwa, na kazi yangu ni kuongoza mbwa wa ukaguzi kwenye ghala la mizigo. Mbwa wetu habweki akigundua kitu, amefundishwa kukaa chini kimya mbele ya mzigo wenye walakini na kungoja, basi mbwa wangu, jike niliyemlea mwenyewe tangu mdogo, akaanza kuacha malori na kuja kukaa nyuma yangu, pua imeelekea makalioni, na hata nikimvuta kamba habanduki. Wenzangu wakavunjika mbavu, wakanibatiza Mzigo, mpaka mpishi wa kantini akiniona anauliza, "Mzigo, umeshakaguliwa leo?" na mimi nacheka nao huku natamani ardhi inimeze.

Lakini aibu kubwa zaidi hawaijui. Nikienda choo naona damu, kwa muda mrefu sasa, nikajiambia ni bawasiri itapita, mke wangu sijamwambia, na chupi zangu nazifua mwenyewe alfajiri kabla hajaamka. Halafu, ili vicheko viishe, nikaenda kwa msimamizi nikamwambia mbwa amechoka, pua imekufa, anakosea kila siku, wakamwondoa kazini na sasa amefungwa bandani, nikipita anainuka anatikisa mkia, mimi naangalia pembeni. Nikapewa dume kijana ambaye hakuwa ananijua kabisa, na juzi mbele ya madereva akaja akakaa pale pale. Watu walicheka, mimi safari hii sikucheka nao, maana nimewahi kusikia redioni kwamba mbwa wanaweza kunusa saratani. Naogopa, lakini zaidi naona aibu kuvua nguo nichunguzwe huko nyuma, na daktari wa kituo chetu cha afya ni binti wa rika la mwanangu. Nikimweleza habari za mbwa si ataona nimechanganyikiwa? Nifanye nini?

Mzigo

Ndugu yangu, pole. Kuchekwa kwa jambo la mwili wako kunauma, na hao wenzako wangekuwa na haya kidogo wangekuuliza hali yako. Nimeshakupa pole, sasa nikugombeze. Umemfukuzisha mbwa kazi kwa kosa la kufanya kazi! Aibu yako ilipaswa kuwa hapo, wala si kwa daktari.

Mimi si daktari, na hao mbwa pia si madaktari. Ni kweli wapo mbwa waliofundishwa kutambua harufu ya saratani, lakini wa kwenu walifundishwa mambo ya mizigo, na huenda wananusa damu tu. Haidhuru. Damu ya muda mrefu ilitosha kukupeleka hospitali hata kama ungekuwa unafuga kuku. Inawezekana kweli ni bawasiri, utatibiwa uendelee na maisha. Inawezekana pia ni saratani ya utumbo, na hiyo ikigunduliwa mapema watu wengi wanapona. Wewe unakaa na hilo "mapema" mkononi na unaliacha lipite kwa sababu ya suruali.

Na mkeo je? Mwanamume ambaye hajawahi kufua hata soksi akianza kufua chupi zake gizani, mke hawazi bawasiri, anawaza mwanamke mwingine. Mwambie leo hii, hata kama machozi yatakutoka, na kesho uende naye.

Huyo binti, kama unamwonea haya, omba daktari mwanamume, hakuna atakayekushangaa. Asipokuwepo, ingia kwa binti. Kasomea hayo, na makalio yako si ya kwanza kuyaona. Sema "natoka damu chooni" na useme imeanza lini, usipunguze. Habari za mbwa mweleze ukipenda. Akitaka kukuchunguza, kubali. Akikuandikia kipimo cha utumbo, nenda, na usiridhike na mtu atakayekupa vidonge bila kukuangalia. Ukitoka huko pitia kwa msimamizi, umwambie kwa mdomo wako kwamba mbwa hana kosa, wewe ndiye uliyesema uongo.

Aibu ya kwenye kitanda cha daktari inaisha ukishafunga mkanda. Usiniandikie tena kabla hujavua suruali.