Ganda Litasema Ndiyo Siku Zote

Baba, shikamoo.

Uji uko kwenye chupa ya chai. Dawa ya presha unywe ukishakula. Nimekwenda Nzega kumleta mama, tutarudi jioni.

Mzee Zablon wa Lusu akija kuchukua bunduki yake, ~~uamue mwenyewe~~ usimpe. Najua nguruwe pori wanamaliza mihogo yake, na najua ulimwahidi. Asubuhi nilipokuambia haiko sawa ulinuna, ukachukua ganda la risasi yake ya zamani, ukalitia kwenye chemba, pale risasi inapokaa, ukasukuma bolti ya kuiziba kwa nyuma, ikafunga. Ukasema, "Umeona?"

Niliona, Baba. Lakini ganda hilo lilifyatuliwa kwenye bunduki hiyohiyo, likatanuka na kuchukua umbo la chemba yake. Litasema ndiyo siku zote. Vipimo vyangu vya chuma vimechongwa kwa umbo la aina ya risasi yake, vinaingia kwenye chemba kama risasi. Nilisafisha chemba kwanza, nikafunga bolti kwa vidole viwili, bila kulazimisha. Kwa kipimo cha kwanza bolti inatakiwa ifunge, ikafunga. Cha pili ni kirefu kidogo, inatakiwa ikatae. Ikafunga vilevile. Maana yake chemba imelika, na ganda linaweza kumpasukia usoni.

Ukasema fundi bunduki wa hapa Ng'ambo hafundishwi kazi na binti yake. Sawa. Lakini jicho lako la kushoto lilipotea kwa bunduki uliyoipima kwa ganda.

Hilo nimeliandika na silifuti.

Bolti usiitafute, iko kwenye pochi yangu.

Binti yako,
Levina