Amina kwa Mfalme

Alhamisi, 11 Julai 1776

Eti sisi sasa ni nchi huru! Tangazo limesomwa New York, watu wakaiangusha sanamu ya Mfalme wetu George. Upuuzi mtupu. Dada kaandika kutoka Halifax, koloni jingine la Mfalme: kwao shwari, wanakaanga samaki na kumwombea Mfalme. Kaka yuko Antigua, nako ni koloni la Mfalme, hali ni vilevile. Makoloni kumi na matatu yamepandwa na kichaa, mengine yote yana akili zake. Wengi ni nani hapo?

Jumamosi, 13 Julai

Kapteni Sherrod wa waasi kamwonya Padri Ludlam: sala ya kumwombea Mfalme isisikike tena kanisani. Padri kaniuliza: yeye akiisali, nitaitikia? Miaka kumi na tisa mimi ni karani wa kanisa, Amina ni kazi yangu! Wewe omba tu, nikamwambia, tutaitikia kanisa zima mpaka madirisha yatetemeke.

Keziah, mke wangu, kanuna. "Mwanao yuko upande wa pili, Baba Abner. Umesahau?"

Sijasahau. Abner kabeba bunduki ya waasi tangu Aprili. Atarudi tu. Bandari imejaa meli za Mfalme, nani ataziweza?

Jumapili, 14 Julai

Wamekuja! Askari ishirini, wakasimama nyuma na bunduki zao, Abner wetu katikati. Padri akamwombea Mfalme George afya na ushindi, sauti imara. Nikaitikia: Amina! Peke yangu. Waumini wote wanatazama viatu vyao. Hata Keziah!

Halafu, kutoka nyuma kabisa — "Amina!"

Abner! Limemtoka tu, kwa mazoea. Si nilimfundisha mwenyewe tangu anajifunza kusema? Nilicheka kwa sauti, Mungu anisamehe. Nilifurahi mno.

Kapteni hakucheka. Kamnyang'anya bunduki palepale.

Jumatatu, 15 Julai

Padri kakimbilia kwenye meli za Mfalme. Mimi sikimbii.

Jirani kaleta habari. Kapteni anamwita Abner jasusi. Akitaka aaminiwe, amkamate baba yake kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, viboko mia mbele ya kikosi.

Keziah analia. Nimemwambia gerezani nitakaa wiki mbili tatu tu, jeshi la Mfalme litanitoa. Naamini hivyo.

Mlango unagongwa. Ni Abner. Anabisha hodi nyumbani kwao! Keziah anasema nifungue upesi, asije akaamriwa auvunje.

Anaita jina langu zima, "Gershom Lounsbury!", kwa nguvu, Kapteni asikie.

Naja, mwanangu. Ngoja nivae viatu —