Chumba Chako Bado, Bibi

Kwa Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini mguu unazidi kupata nguvu, na kwamba wauguzi wamekuzoea, au angalau wameacha kubishana nawe. Sisi huku ni wazima wa mwili. Wa akili sina hakika, na ndiyo sababu ya barua hii.

Mke mwenzangu, nimechoka na chati ya Shangazi. Unajua kazini kwake ni meneja wa miradi, basi tulipoambiwa utarudi na kiti cha magurudumu, akasema chumba chako atakisimamia kitaalamu. Akabandika ukutani karatasi kubwa yenye visanduku: milango ipanuliwe, mteremko ujengwe barazani, choo kiwekewe vyuma vya kushikia. Kila jioni anapaka kisanduku rangi ya kijani. Anapaka kwa sababu siku imepita, si kwa sababu kazi imekwisha.

Juzi kisanduku cha mteremko kilikuwa kijani kabisa, na mimi nimetoka kuruka shimo na mkoba mgongoni. Nilipomwuliza, alisema ratiba ilitaka mteremko na fundi alikuja. Ni kweli alikuja. Fundi huyu tunamwita Bado Kidogo, maana ukimwuliza lolote jibu lake ni hilo. Alikuja, akapima, akachimba shimo, akanywa chai, akaenda kutafuta kokoto, na mpaka leo kokoto hazijampata.

Nikaona nisiwe wa kulalamika tu. Nilibandika ukanda wa karatasi chini ya chati, na sharti langu ni moja: sipaki rangi mpaka kitu kitumike. Kila nikitoka shule nasukuma toroli la fundi kutoka barazani hadi kitandani kwako, kisha hadi chooni, kana kwamba umo ndani. Usinicheke. Mlango wa chumba limepita. Wa choo umegoma: waliweka vigae vipya kabla ya kukata mlango, sakafu ikapanda, sasa haufunguki hata nusu. Kwenye chati yote miwili ni kijani. Bado Kidogo alisema nimezaliwa mkaguzi, na atakayenioa ana kazi. Nikamjibu kwamba huyo angalau atakuwa anamaliza kazi zake.

Shangazi alikasirika. Alisema namtia nuksi, na kwamba mtoto hasahihishi daftari la mwalimu. Lakini jana baada ya chakula alikuja kuketi kitandani kwako, akautazama ukanda wangu wenye rangi sehemu moja tu, ndipo akaniambia. Anajua, Bibi. Amejua tangu mwanzo. Baba Mkubwa alishamwambia kwamba chumba kikichelewa hata siku moja, wewe utahamia kwake, ghorofa ya tatu, kusiko na lifti. Kwa hiyo kila akipiga simu kuuliza tumefika wapi, Shangazi anamsomea chati. Kwanza aliogopa kusema kweli, sasa anaiogopa Jumamosi hii, siku yako ya kutoka hospitali. Mimi naogopa zile ngazi. Ukishapandishwa, nani atakushusha?

Nakuomba umwambie Baba Mkubwa wewe mwenyewe kwamba utatoka Jumamosi ya wiki ijayo, si hii. Tukisema sisi ni visingizio. Ukisema wewe ni amri ya mama. Usidanganye kwamba umezidiwa, atakuja mbio. Mwambie mlango wa choo haufunguki, basi. Leo asubuhi Shangazi amechelewa kazini kwa makusudi, akamsimamia Bado Kidogo mpaka msumeno ukaanza kulia.

Mama atakuletea barua hii kesho. Akiuliza ina nini, mwambie ni mambo ya wake wenza. Msalimie mgonjwa wa kitanda cha jirani. Shangazi hajaniambia nikusalimu, ila amesimama mlangoni muda mrefu sasa, anasubiri nimalize ili anipe bahasha.

Ni mimi, mjukuu wako akupendaye.