Kisanduku Kimoja cha Baba

Baba Mdogo,

Arobaini yako tumeisoma Jumamosi, hapa hapa Hyattsville, kwenye ule ukumbi wenye viti vinavyolia. Watu walijaa mpaka pilau likapungua. Sasa nimekaa kwenye meza yetu ya jikoni. Mahali pako nimerundika makaratasi ili pasionekane patupu, lakini haisaidii. Nimekukumbuka sana.

Nina jambo la kukiri, na nimelizungusha wiki nzima.

Unaikumbuka ile hati ya huduma tuliyoandika kwa ajili ya daftari la wanachama wa umoja wetu wa huku ughaibuni, ili programu yoyote iweze kuuliza kwenye mtandao na kujibiwa: fulani ni nani, anapatikana wapi, wazazi wake ni akina nani. Ulikuwa ukirudi kutoka kazini Beltsville unavua viatu, unaomba chai ya tangawizi, kisha unanichambulia kurasa zangu kwa kalamu ya kijani. Namba za simu za mtu nilizijaza zote ndani ya kisanduku kimoja, nikazitenganisha kwa mkato. Ukacheka. "Binti yangu, huu ni uvivu. Kinachoweza kuwa vingi kiandike kama orodha tangu siku ya kwanza, hata kama leo kipo kimoja. Hata kama hakuna kitu." Ukanichorea mabano ya mraba, na ndani yake namba moja tu. Kwa simu nikakubali. Kwa anwani nikakubali, na kwa watoto pia.

Kwa baba nilikataa. Nilikuwa nimechoka, na mbele ya Mama Njeri, katibu wetu, nilitaka nionekane ninajua. Nikasema, "Nani ana baba wawili?"

Ulifunika kalamu, ukasema chai imepoa. Mimi nikadhani nimekushinda kwa hoja. Wewe uliyenipokea uwanja wa ndege nikiwa na miaka tisa, baada ya kumzika kaka yako, baba yangu, ukanivika koti lako likanifika miguuni. Wewe uliyezoea kuniambia, kila nikikuita kwa deko, "Mdogo kwa baba yako, si kwako." Sikukuomba radhi. Sikujua hata kama nimekosa.

Basi sikia kilichotokea siku uliyotutoka. Mama Njeri alikaa kwenye kompyuta ili tangazo liwafikie watu. Kisanduku changu cha baba kilikuwa na jina la marehemu baba tayari, na kisanduku chenyewe ni kimoja, lako likakosa nafasi. Alinipigia baadaye: "Pole, my dear. System ime-reject. Ikabidi nichague uncle." Na hiyo uncle, kwenye jedwali la tafsiri nililolipanga mimi mwenyewe, ni mjomba. Kwa hiyo simu za kukunja za wazee wetu kuanzia hapa mpaka Bladensburg zikapokea meseji kwamba nimefiwa na mjomba.

Mjomba, Baba Mdogo. Wewe, ndugu wa baba yangu wa tumbo moja. Watu walinishika mkono msibani, "Pole kwa mjomba," nami nikaitikia kila mmoja, "Nimeshapoa," maana ningeanzia wapi kueleza. Ungekuwepo ungecheka mpaka miwani ianguke. Natamani sana uliangushe tena hilo limiwani lako.

Tangu siku hiyo naandika toleo la pili. Kugeuza kitu kimoja kuwa orodha kunavunja programu za wenzetu zinazosubiri jina moja, ulinionya. Basi toleo la zamani nimeliacha lifanye kazi hadi wote wahame, na nimempigia simu kila mmoja. Fundi wa Bladensburg anayetuma zile meseji aliniuliza kwa nini nahangaika hivi kwa kisa kimoja. Nikamwambia hicho kimoja ni changu. Mama Njeri naye akasema taratibu kwamba yeye ana mama watatu, ila siku ile aliona haya kunipinga.

Leo nimeingiza rekodi ya kwanza, yangu. Mabano ya mraba, jina la baba, mkato, jina lako. Nimekuweka wa pili kwa kuwa ulizaliwa wa pili, si kwa lingine lolote. Nikaiuliza huduma, ikanirudishia majina yote mawili. Nikauliza tena, na tena, ili tu nilione jina lako likirudi.

Nakuaga sasa, chai yangu nayo imepoa. Nakuahidi jina lako halitafutwa humo eti kwa sababu haupo, na mtu akinipa pole ya mjomba nitamkalisha chini nimweleze wewe ni nani kwangu.

Nisamehe lile swali. Nilipaswa kulijibu mwenyewe, palepale, kabla hujafunika kalamu. Nani ana baba wawili? Mimi.

Mwanao,
Zuhura