Jiko Katika Njia ya Ndovu

Kinoti, mume wangu mdogo,

Natumai baridi ya Eldoret haijakushinda. Huku tuko salama. Mama yako amemaliza kuvuna maharagwe, na yule ng'ombe mwekundu amezaa.

Umeniuliza kwa nini kile kipande cha shamba kinachotoka msituni hadi mtoni hatukilimi wala hatukiwekei ua. Babu yako, ambaye wewe umebeba jina lake, naye hakutaka kukiacha bure tulipogawiwa ardhi. Akanijengea jiko papo hapo. Ndovu walipoteremka kunywa maji, wakaliangusha, wakaendelea na safari. Akajenga tena kwa mbao nene. Wakaliangusha tena. Mahindi yalikuwa kando, na waling'oa machache tu.

Nikamwambia, "Mzee, hawa hawana ugomvi na sisi. Umejenga mlangoni mwao."

Alinuna siku nzima, lakini jioni akahamisha mafiga mwenyewe.

Tangu hapo wao hupita, nasi hulala. Juzi wamepita na mtoto wao.

Ukija Krismasi na huo waya wa ua unaousema, uzungushie banda la kuku. Nimeshaishi na Kinoti mmoja mbishi, na jiko nililo nalo linanitosha.

Ni mimi nyanyako, mke wako mzee.