Kifurushi Kilichotangulia

Kwako mwanangu Poongodi,

Nakusalimu sana, na salamu hizi zikukute umekula. Mimi mzima, goti tu linanisumbua. Baba yako naye mzima, anakohoa huku akiapa kwamba hakohoi. Wewe je, mama? Barua yako imenikaa kifuani kama tonge kavu. Umesema hulali, unakosea mishono, na msimamizi wa kiwanda amekuonya kwamba ukiendelea hivyo atakurudisha nyumbani. Umesema mwaka unakwisha lakini unajiona kama hujafika Tiruppur.

Ni kweli, mwanangu. Hujafika.

Unaikumbuka asubuhi uliyoondoka. Basi lako lilikuwa la saa ya Rahu, yule mmeza-jua, na kwetu hakuna anayeanza safari saa hiyo. Ndiyo maana alfajiri, kalenda ilipokuwa bado inaruhusu, nilifunga shali yako nyekundu na mchele kidogo na kipande cha bizari ya manjano, nikakipeleka kifurushi kwa jirani yetu Bibi Rukmani, ili safari yako iwe imekwisha kuanza. Wewe upite tu ukichukue. Ukacheka, ukasema, "Mama, basi haliangalii kalenda!" Ukakata njia ya nyuma, mbio mpaka kituoni. Kifurushi kikabaki.

Haikupita wiki, Bibi Rukmani akaja mlangoni anafoka. Akaniuliza kwani nyumba yangu haina kibaraza, hata binti yangu aende kuchania nywele kwake? Nikamwambia uzee huo, bibi, Poongodi yuko Tiruppur. Akasema haya, njoo ujionee, mjuaji wewe.

Nikaenda, saa ileile ya Rahu. Ulikuwa umeketi ngazini kwake, shali begani, miguu ina vumbi, unatazama barabara. Nilikuita, hukugeuka. Nikakuwekea wali wa mtindi. Jioni nikaukuta vilevile. Hata kunguru hawakuugusa.

Bibi Rukmani alisema dawa ni ndogo: kifurushi kikufuate, kwa saa njema, ujifunike hiyo shali. Mjomba wako Thangavel huja huko na lori lake. Kila safari hupita kuniuliza kama nina mzigo wako.

Mwanangu, kila safari nilimwambia sina.

Ukiondoka pale ngazini, ningemtazama nani? Ulikuwa huli, husemi, lakini ulikuwa karibu. Kila siku nilikupelekea wali, nikakaa nawe mpaka saa ipite. Ndipo ikaja barua yako, nikaona kwamba namlisha kivuli huku mwenyewe anakonda.

Leo, saa njema, nimempa mjomba wako kifurushi. Lori lilipowaka uliinuka pale ngazini, ingawa haikuwa saa ya Rahu, ukajikung'uta vumbi, ukalifuata. Mdomo wangu ulishafunguka. Nikauziba kwa ncha ya sari. Msafiri haitwi kwa nyuma.

Barua hii naituma kwa posta, kwa hiyo ikifika shali unayo. Jifunike, ulale, kisha uniandikie, hata mstari mmoja. Baba yako anakusalimu kwa kikohozi chake. Bibi Rukmani anakusalimu, amefagia ngazi.

Wali wa leo niliuweka palepale kwa mazoea. Kunguru wameula wote.

Mimi mama yako,
Sivakami