Kutoka Unyayo Hadi Jicho

Jumatatu, 3/3/2025
Leo kazi imekuja yenyewe! Cephas wa duka la dawa, hapa hapa Homa Bay. Kwake kuna meza kubwa, yeye na wenzake wanapiganisha askari wadogo na magari madogo juu yake. Watu wazima! Anataka askari kumi wa jiwe laini la Tabaka, na afisa mmoja. Ameniachia askari wa plastiki wa mfano. Kimo milimita ishirini na nane. Nikamwambia mji huu hauna mkono kama wangu. Alijua.

Binti yangu Bitutu anasema Cephas alisema tupime kutoka unyayo hadi jicho, kofia haihesabiwi. Nani anapima mtu akaachia machoni? Nikamwambia, wewe mume alikupima akakurudisha. Akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 6/3/2025
Kumi tayari. Unyayo hadi juu ya kofia, ishirini na nane kamili! Afisa nimemfanya mara mbili. Mkubwa anachongwa mkubwa — marehemu baba alichonga hivyo, mwenye boma akawazidi wake zake wote kwa kichwa na mabega. Bitutu anasema magari ya Cephas yamepunguzwa mara hamsini na sita, basi watu nao wapunguzwe hivyo hivyo, afisa sawa na kuruti. Afisa sawa na kuruti! Nimempitisha msasa mdomoni. Kidogo tu. Damu haikuwa nyingi.

Jumapili, 9/3/2025
Cephas amekuja. Akawapanga kando ya yule wa plastiki. Kofia za wangu zikafika macho yake.

"Jaduong', mzee wangu, hawa ni watoto wa shule! Na huyu afisa ataingia gari gani? Si atalibeba mgongoni!"

Akacheka mpaka akashika meza. Mimi, niliyemchongea DC simba!

Halafu akaona mmoja kwenye vumbi la mawe. Wa Bitutu, alimchonga kwa siri. Akampima: unyayo hadi jicho, ishirini na nane. Akatoa gari lake dogo mfukoni, akamsimamisha kando yake — mlango ukamtosha.

"Huyu amechongwa na nani?"

Mimi, nikasema. Bitutu alikuwa mlangoni na sufuria.

Cephas anataka hamsini kama huyo.

Jumanne, 11/3/2025
Eti Bitutu anahamia Oyugis! Filister wa kanisani amemtafutia kazi, karakana ya mawe ya makaburi. Wanataka kitambulisho kabla ya mwezi kuisha. Nimekichukua. Kiko mfuko wa ndani wa koti langu, na koti silivui. Hamsini kwanza. Amelia. Nilimwacha alie, machozi hayaharibu jiwe. Baadaye akakaa, akachonga.

Jumatano, 19/3/2025
Thelathini na mmoja. Haongei. Anachonga vizuri kuliko mimi — hiyo naiandika hapa tu. Kanisani wanasema mimi Bogonko nimerudi ujanani. Nimekubali.

Nilimuuliza, wako sawa?

"Nafuata kipimo chako, baba."

Adabu imeingia mwishowe.

Ijumaa, 28/3/2025
Cephas yuko nje na simu. Naandika kabla hajarudi.

Amewapanga wote hamsini. Kofia zao zinafika macho ya yule wa plastiki. Wote! Hakuna hata mmoja aliyekosea kukosea. Kipimo changu.

Cephas hakucheka leo. "Jaduong', yule mzuri ulimpima wapi?" Nikasema macho yamechoka. Akaweka jiwe na rula mbele yangu. "Basi nichongee kichwa kimoja tu, nikitazama." Ndipo simu ikalia.

Bitutu amesimama mlangoni, begi miguuni. Filister anamngoja steji. Nimemnong'oneza: ingia, kata uso haraka, hataona.

"Mwambie ni nani aliyemchonga yule mzuri, baba."

Nimemtukana, nimemwita mbwa. Hajasogea. Amenyoosha kiganja, anadai kitambulisho kama anayengoja chenji.

Nimejaribu mwenyewe. Mstari wa jicho nimeuchora — najua ni hapo, nilijua tangu siku ya kwanza! Kisu kimeteleza, pua imeruka. Sasa jiwe ni fupi.

Cephas anaaga simu. Naskia viatu.

Kiganja bado kiko hapo. Nimefungua kifungo kimoja cha koti